Dharura ikimkuta mwenye jeraha la uti wa mgongo wakati wa janga

Jioni moja ya 2021 kaka yangu alianza kulalamika kichwa. Hakikuwa kinauma tu, kilikuwa kinagonga. Uso ulimwiva, pua ikaziba, jasho likamtiririka kutoka utosini hadi mabegani na kuishia hapo hapo. Kifua kwenda chini alikuwa mkavu kabisa. Kaka alivunjika shingo miaka mingi iliyopita, anatumia kiti cha magurudumu na mpira wa mkojo. Langoni mwa hospitali waliona jasho na pua iliyoziba, wakasema korona. Walimlaza chali kwenye machela, wakamsukuma upande wa washukiwa, mimi wakanisimamisha nyuma ya kamba.

Nilipaza sauti mpaka nesi mmoja akaja. Nilimwomba afanye mambo mawili tu: amketishe, halafu ainue paja la kushoto. Mrija wa mfuko wa mkojo ulikuwa umekunjika chini ya paja, umebonyea kama uzi. Alipounyoosha, mfuko ulianza kujaa mbele ya macho yetu. Presha ilikuwa imefika 178, na yake ya kawaida ni 95. Baada ya dakika kumi kaka alikuwa anauliza simu yake iko wapi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya ile kamba. Nyakati za kawaida anayejua mwili wa mgonjwa huingia naye hadi kitandani. Wakati wa janga huzuiwa mlangoni, na kila dalili husomwa kama dalili ya ugonjwa uliopo. Mengi ya kumwokoa hufanyika kabla hamjafika mlangoni. Mimi si daktari. Dawa na vipimo vyake mpangiwe na daktari wenu mapema, angali mzima.

Hatua ya kwanza: chukua namba zake akiwa mzima

Mwenye jeraha la shingo au la kifua cha juu kwa kawaida ana presha ya chini. Namba ya juu kuwa 90 hadi 110 kwake ni jambo la kila siku. Ndiyo maana 130, ambayo mtu mwingine ataiona na kusema iko sawa, kwake inaweza kuwa dalili ya hatari. Pima siku kadhaa, akiwa ameketi na akiwa amelala, uandike. Pima na oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole. Vidole vya baridi na rangi ya kucha hukidanganya, na kwa watu wenye ngozi nyeusi wakati mwingine kifaa hicho husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo kisiwe shahidi wako pekee. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, akiwa hajui kwamba unahesabu.

Joto la mwili lina ukorofi wake. Jeraha likiwa juu, sehemu kubwa ya mwili haitoi jasho wala haitetemeki, kwa hiyo joto lake hufuata la mahali alipo. Akikaa kwenye gari lililochomwa na jua atasoma homa bila kuwa na ugonjwa. Akilala chini ya feni anaweza kusoma kawaida huku maambukizi yanaendelea. Kaka yangu siku za uzima husoma 35.9. Kwake yeye 37.3 ni homa, na kipimajoto cha langoni hakiwezi kulijua hilo. Mkifika na joto limepanda kwa sababu ya safari, omba akae kivulini, apimwe tena baada ya muda kabla hajaingizwa kati ya wagonjwa.

Hatua ya pili: karatasi moja

Si faili. Faili halisomwi na mtu ambaye ana wagonjwa arobaini mbele yake. Andika kwa herufi kubwa, kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, weka kwenye mfuko wa nailoni ili ipanguswe dawa ya kuua vijidudu, na ifungwe kwenye kiti au shingoni. Ya kaka yangu inasema hivi (C6 ni pingili ya sita ya shingo, na baklofeni ni dawa ya kupunguza mikazo ya misuli):

"Nina jeraha la uti wa mgongo, C6. Presha yangu ya kawaida ni 95/60. Kichwa kikigonga na jasho likinitoka usoni, NIKETISHE, kisha kagua mpira wa mkojo. Ni dharura, naweza kupata kiharusi. Sisikii maumivu kuanzia kifuani kwenda chini. Kikohozi changu ni dhaifu, nahitaji kusaidiwa kukohoa. Nigeuzwe kila saa 2. Usiniache bila baklofeni. Siwezi kubonyeza kengele."

Nyuma yake kuna dawa na vipimo, mzio, saizi ya mpira wa mkojo na tarehe uliobadilishwa, na namba za simu mbili. Kwenye mzio usisahau mpira wa lateksi. Baadhi ya watu waliotumia mipira ya mkojo miaka mingi huupata, na glavu za hospitali nyingine bado ni za lateksi. Kuna mstari mmoja zaidi ambao ni wa daktari wa usingizi: ikibidi awekewe mrija wa kupumulia, asome kwanza kuhusu jeraha kabla ya kuchagua dawa ya kulegeza misuli. Mojawapo, suksamethoniamu, hasa miezi ya mwanzo baada ya kuumia, inaweza kupandisha potasiamu kwenye damu ghafla kiasi cha kusimamisha moyo.

Ongeza sentensi mbili kuhusu maisha yake: anafanya kazi gani, anaishi na nani. Nitaeleza sababu tukifika langoni.

Hatua ya tatu: mkoba usiofunguliwa ovyo

Uwe na mipira ya mkojo ya saizi yake angalau miwili, mfuko wa ziada, jeli ya ganzi, maji ya chumvi ya hospitali na bomba la sindano la kusafishia, glavu, barakoa zenu nyote wawili, mashine ndogo ya presha, chaja yenye waya mrefu, na dawa zake za wiki nzima au zaidi. Mto wa kiti uende naye hata kama kiti kinabaki nyumbani.

Baklofeni naiweka peke yake. Kuiacha ghafla, iwe ya vidonge au ya pampu iliyo tumboni, kunaweza kuleta homa kali, misuli kukaza kupita kiasi, kuona vitu visivyokuwepo na degedege. Wakati wa janga maduka ya dawa huishiwa na kliniki huahirishwa, kwa hiyo omba ya akiba mapema. Kama ana pampu, tarehe ya kujazwa iandikwe mahali ambapo kila mtu nyumbani anaiona. Homa ya kukosa baklofeni hufanana sana na homa ya maambukizi, na daktari asiyeambiwa atahangaika na virusi.

Hatua ya nne: presha inapopanda ghafla

Madaktari huiita disrefleksia ya otonomia. Humpata mwenye jeraha la T6 au juu yake, yaani kuanzia usawa wa katikati ya kifua kwenda shingoni. Kitu kinaukera mwili chini ya jeraha, mara nyingi kibofu kilichojaa, mishipa ya damu huku chini inabana, presha inapanda, na amri ya ubongo ya kuituliza haifiki kwa sababu njia imekatika. Hapo ndipo unaona kichwa kinagonga, uso umeiva, jasho juu ya jeraha, vipele vya baridi, pua kuziba, macho kuona ukungu, mapigo ya moyo kwenda polepole. Presha ikipanda 20 hadi 40 juu ya ile ya kawaida yake, anza kazi. Kama huna mashine, dalili zinatosha.

Mketishe wima kwanza, miguu ining'inie. Usimlaze, maana kulala huipandisha presha zaidi. Legeza kila kinachobana: mkanda, viatu, soksi, mkanda wa tumbo, kamba ya mfuko wa mkojo pajani. Baada ya hapo pima presha kila dakika 2 hadi 5.

Sasa kibofu. Fuata mrija kwa vidole vyako kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko, usiangalie kwa macho tu. Mikunjo hujificha chini ya paja na kwenye bawaba ya kiti. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, na usiwe umejaa. Mkojo usiposhuka, safisha mpira taratibu kwa mililita 10 hadi 15 za maji ya chumvi yenye joto la mwili. Maji baridi yataongeza moto. Usilibonyeze tumbo. Ikishindikana, badilisha mpira, ukitanguliza jeli ya ganzi na kusubiri dakika chache, kwa sababu kuingiza mpira mkavu nako ni kukera. Anayejitoa mkojo kwa vipindi, mtoe sasa hivi.

Kibofu kikiwa kitupu na presha bado iko juu, kinachofuata ni choo kilichoganda. Hapa subira inahitajika. Namba ya juu ikiwa imefika 150, ishushwe kwanza kwa dawa aliyopangiwa ndipo uguse njia ya haja kubwa, tena kwa jeli ya ganzi na kidole kilicho taratibu. Dawa zinazotumika mara nyingi ni nifedipini ya kufanya kazi haraka, na nitrogliserini ya kupaka. Nitrogliserini ina swali lake, na ni lazima liulizwe hata kama mama mkwe amekaa hapo: ametumia dawa za nguvu za kiume? Ndani ya saa 24 kwa sildenafili, au 48 kwa tadalafili, nitrogliserini isitumike kabisa. Wengi huficha. Toa watu chumbani, uliza.

Ikiwa si kibofu wala choo, angalia ngozi, ukucha ulioingia nyamani, mshono wa nguo, kidonda, mfupa uliovunjika bila yeye kujua. Hata kidole tumbo kilichoiva, kwa mtu asiyesikia maumivu, kinaweza kujitangaza kwa kichwa kugonga na misuli kukaza tu. Chanzo kisipoonekana, au presha isiposhuka, nendeni hospitali, janga au si janga. Wapo waliobaki nyumbani kwa kuogopa virusi, na presha hii inaweza kupasua mshipa wa kichwani jioni hiyo hiyo. Ikitulia, endelea kumpima kwa angalau saa 2, maana hurudi, na dawa uliyompa inaweza kuishusha kupita kiasi.

Hatua ya tano: pumzi

Kiwambo kinachovuta hewa huendeshwa na mishipa ya fahamu ya shingoni, C3 hadi C5. Misuli ya mbavu na ya tumbo, ile inayokohoa, huendeshwa na mishipa ya chini zaidi. Ndiyo maana mtu wa C6 anaweza kupumua vizuri kila siku lakini akipata mafua tu anazama kwenye makohozi yake, kwa kuwa hana nguvu ya kuyatoa.

Usisubiri homa. Angalia sauti inayopungua, sentensi inayokatika katikati, mikazo ya misuli iliyoongezeka bila sababu, usingizi usio wa kawaida mchana, kichwa kizito asubuhi. Hizo mbili za mwisho zinaweza kuwa hewa chafu inayobaki mwilini, na kuongeza oksijeni pekee hakuiondoi. Namba ya kidoleni inaweza kupendeza huku mtu anazidi kusinzia, na huyo huenda anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Sisi nyumbani tuna kanuni yetu: oksijeni ikiwa 94 au chini na ikabaki hapo, tunapiga simu. Ikiwa 92 au chini, tunaondoka. Pumzi zikizidi 30 kwa dakika hatuangalii namba nyingine.

Kukohoza kwa msaada kunafanyika hivi. Weka viganja chini ya mbavu, juu kidogo ya kitovu. Avute hewa ndefu, ashike, na anapojaribu kukohoa wewe sukuma kwa haraka ndani na juu. Mwendo uwe mmoja naye, na ukichelewa nusu sekunde umemwumiza bure. Pumzikeni, rudieni. Usifanye akiwa ametoka kula, ana mbavu zilizovunjika, ni mjamzito, amepasuliwa tumbo karibuni, au shingo yake bado haijatulia. Wakati wa janga la ugonjwa unaosambaa kwa hewa kazi hii hurusha matone usoni pako. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana, miwani, fungua dirisha, toa watoto. Kama hamjawahi kuifanya, mfundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya haja.

Jambo la mlalo linawachanganya hata wataalamu. Wagonjwa wengi wa mapafu huketishwa ili wapumue. Mwenye jeraha la shingo mara nyingi hupumua vizuri zaidi akiwa amelala tambarare, kwa sababu matumbo husukuma kiwambo juu na kukipa nafasi ya kufanya kazi. Akiketi, tumbo lililolegea huanguka mbele na kiwambo hubaki chini. Mkanda wa tumbo humsaidia anapoketi. Kwa hiyo muulize yeye: "Unapata hewa zaidi ukiwa vipi?" Jibu lake lishinde mazoea ya wodi, isipokuwa kichwa kikianza kugonga. Hapo anaketi, hata akinung'unika.

Hatua ya sita: njiani na langoni

Unapopiga simu ya ambulansi, sentensi ya kwanza iwe "ana jeraha la uti wa mgongo na hawezi kujihamisha", kisha ndiyo dalili. Ubao mgumu wa kubebea usiwe kitanda. Kwa mtu aliyeumia zamani na hajaanguka leo, omba machela yenye godoro. Wakimhamisha, pitisha mkono chini yake uone kama kuna kifuniko cha sindano, waya au funguo.

Langoni usiseme umekuja kumsindikiza. Msindikizaji na mgeni ni mtu mmoja machoni pa mlinzi. Sema: "Mimi ni mhudumu wake, bila mimi hawezi kugeuzwa wala kutoa mkojo", uonyeshe barua ya daktari. Barua hiyo iombwe mapema, iwe na jina lako na la mtu wa pili. Kubali masharti yote: kupimwa, barakoa, kutotoka nje ya chumba. Ukikubali masharti, kukukatalia kunakuwa kugumu.

Sheria iko upande wenu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 11, unazungumzia ulinzi wao wakati wa dharura, na cha 25 unakataza kunyimwa matibabu kwa sababu ya ulemavu. Hofu hiyo si ya kufikirika. Machi 2020, taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, ilibidi irekebishe mwongozo wake wa wagonjwa mahututi ndani ya siku chache. Kipimo cha udhaifu wa wazee kilikuwa kinaweza kumhesabu mwenye ulemavu wa kudumu kuwa dhaifu tu kwa sababu anahitaji msaada wa kila siku. Ndiyo kazi ya zile sentensi mbili kwenye karatasi. Daktari anayeamua nani apate kitanda cha mahututi ajue kwamba huyu jana alikuwa kazini.

Hatua ya saba: wodini, nyuma ya mlango uliofungwa

Ukizuiwa, tatizo la kwanza ni kengele. Mtu asiyeweza kukunja vidole anafungiwa chumba cha kutengwa na kitufe cha kubonyeza kimening'inia ukutani. Sauti yake ni ndogo, nesi amevaa barakoa na ngao. Omba kitanda kinachoonekana kwenye kioo, kengele ya kugusa kwa shavu au kiwiko, na simu yake iwekwe karibu na mdomo ikiwa inaitikia sauti. Glasi ya maji iwe na mrija. Mengine yatafuata.

Mpigie nesi wa zamu saa zilezile kila siku, kwa adabu, ukiwa na maswali mafupi. Amegeuzwa saa ngapi? Chini ya kisigino na kwenye mkia pakoje? Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, waambie waguse: joto, ugumu, au rangi iliyokolea kuliko jirani yake. Kile kifaa cha kidoleni kihamishwe kila baada ya muda, maana kidole kisichosikia kitapata kidonda kimyakimya. Wakimlaza kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, watandike mito na kuhakikisha mrija wa mkojo haujalaliwa.

Dripu inaongeza mkojo. Aliyezoea kutoa kila saa 4 hadi 6 huenda akahitaji mara nyingi zaidi ili kibofu kisipite mililita 500. Choo nacho kina siku zake, na siku mbili zikirukwa kwa sababu wodi imejaa, mnarudi kwenye hatua ya nne. Wanaomfyonza makohozi mwenye jeraha la shingo la juu wajue kwamba mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla wakati wa kufyonza. Na muulizie damu kuganda. Korona yenyewe huongeza hatari hiyo, na mguu usiotembea huiongeza tena. Mguu mmoja uliovimba, au pumzi iliyokata ghafla, usingoje mzunguko wa asubuhi.

Hatua ya nane: wewe ukiugua

Hili ndilo lililonikuta mimi mwaka uliofuata. Nilikuwa nimefundisha watu wawili, na mmoja wao hakuwa amewahi kugusa mpira wa mkojo kwa mkono wake, alikuwa amenitazama tu. Alipoitwa usiku alitetemeka, kaka ikabidi amwelekeze neno kwa neno. Sasa mtu wa pili anafanya mwenyewe, mimi nimekaa mikono nyuma, mara moja kila mwezi: kutoa mkojo, kugeuza, kukohoza, kusoma presha.

Mkirudi nyumbani, mvue nguo zote na mkague ngozi kwa tochi kabla hajalala, kichwani hadi visigino. Badilisha tarehe kwenye karatasi. Kilichotumika kwenye mkoba kirudishwe usiku huo huo, kuanzia na jeli ya ganzi, maana ndiyo inayosahauliwa kila mara.